Nasaha kwa Wanaume juu ya Neno la Usawa na Mafungu ya Wanawake katika Mirathi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Jua, ewe ndugu yangu Mwislamu, Mwenyezi Mungu akuongoze wewe na mimi, ya kwamba katika baraza zetu za siku hizi hakuna neno linalogombaniwa zaidi kuliko hili la usawa wa mwanamume na mwanamke. Likiandikwa gazetini husomwa kwa hasira. Likitajwa katika khutuba ya Ijumaa waliosinzia huinua vichwa. Na serikali ikileta kanuni mpya yenye neno hilo, wazee husema: Dini inachezewa. Sisi hatukukusudia kuongeza kelele juu ya kelele. Tumekusudia kuyapima maneno ya watu kwa mizani ya sharia, na kuanza na nafsi zetu; kwani mwenye kupima vya wenziwe kwa kibaba kilichotoboka ni mdanganyifu, hata akiwa na tasbihi mkononi.

FASILI YA KWANZA: HALI ZA WATU

Ukiketi ukasikiliza, utawaona wanaume wetu wamegawika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni wale wanaokataa kila jambo lililoandikwa neno usawa, wala hawatazami ndani yake mna nini. Ikisemwa binti asomeshwe kama nduguye, hukataa. Ikisemwa mume asimjeruhi mkewe, hukataa. Kwao jambo likitoka kwa watu wa haki za wanawake limekwisha kuwa batili. Hawa wana ghera ya dini, lakini ghera bila ya elimu ni kama taa isiyo na chemni: upepo mdogo huizima, au huupeleka moto wake katika makuti.

Kundi la pili ni wale wanaopokea yote, wakaona hata aya za mirathi ni mambo ya kale yaliyopitwa na wakati. Wala usidhani hao wako katika nchi za wasiokuwa Waislamu tu. Huko Tunisia, tarehe 13 Agosti 2018, Rais Beji Caid Essebsi alitangaza pendekezo la kumlinganisha binti na nduguye katika mirathi. Wanavyuoni wengi wakalipinga, na mpaka alipokufa tarehe 25 Julai 2019 lilikuwa halijawa kanuni.

Kundi la tatu ndilo kubwa, nalo ndilo tuliloliandikia somo hili. Hawa midomo yao iko pamoja na kundi la kwanza, na mikono yao haiko pamoja na yeyote. Huikataa kanuni ya serikali kwa kuwa wanayo sharia ya Mwenyezi Mungu; wakifika majumbani mwao, huikataa na sharia ya Mwenyezi Mungu kwa kuwa wana mila ya wazee. Mwanamke akitaka nusu kwa nusu huambiwa: Sisi ni Waislamu. Akitaka fungu lake kwa kadhi huambiwa: Sisi ni jamaa. Basi aende wapi?

FASILI YA PILI: KUTENGA MAMBO

Mwenye akili hatii mambo yote katika kapu moja. Yanayokuja kwa jina la usawa ni namna tatu.

Namna ya kwanza ni yale ambayo sharia imekwisha yaamrisha au kuyapendekeza kabla ya serikali hizi kuwapo: mwanamke kujifunza, kumiliki mali yake na kuiuza atakavyo, kuulizwa ridhaa yake katika ndoa, kupewa mahari yake mkononi, kutodhulumiwa mwili wake. Uingereza haikumpa mke aliyeolewa haki kamili ya kumiliki mali yake mwenyewe ila kwa kanuni ya mwaka 1882, na katika Uislamu haki hiyo ilikuwako tangu zama za Mtume, rehema na amani zimshukie. Neno hili hulisema sana kwa fahari, nalo ni kweli. Lakini fahari ya kitabuni haijazi kibaba. Mambo ya namna hii akiyataka Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu, ni haki, na haki haigeuki kuwa batili kwa sababu ya ulimi ulioitamka.

Namna ya pili ni mipango ya kuendesha dola, kama ile ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayotaka katika mabaraza ya kuchaguliwa na ya kuteuliwa wasizidi thuluthi mbili walio wa jinsia moja. Hayo mlango wake ni mwingine, na wanavyuoni wameyazungumza kwa njia nyingi, hatuyaingii hapa.

Namna ya tatu ni yale yanayopinga nassi iliyo wazi, na mfano wake mkubwa ni kuyageuza mafungu ya mirathi yaliyokadiriwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Suratun-Nisaa. Hapa Mwislamu hana ruhusa ya kukubali. Na kwa kuwa hapa ndipo tunapopaza sauti zetu zaidi, hapa ndipo inapotupasa kujiuliza zaidi: je, hayo mafungu tunayoyapigania tunayatoa?

FASILI YA TATU: RUHUSA TULIYOPEWA, NAYO NI AMANA

Wengi wanaogombana juu ya jambo hili hawajui lilivyokuwa. Basi sikiliza.

Kenya ilitunga kanuni ya urithi mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kanuni ile iliwalinganisha watoto wote, wa kiume kwa wa kike. Waislamu walilalamika wakasema: Sisi tuna mafungu yetu, na mwanamke kwetu hakuachwa mikono mitupu. Malalamiko yakaendelea, mpaka mwaka 1990 kanuni ikabadilishwa, ikawekwa kwamba mali ya Mwislamu aliyekufa igawanywe kwa sharia ya Kiislamu. Kisha ikaja Katiba mpya, iliyopigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010 na kutangazwa tarehe 27 ya mwezi huo. Katika ibara ya 170 mahakama za kadhi zikathibitishwa. Na katika ibara ya 24 ikasemwa kwamba masharti ya usawa yatapunguzwa kwa kadiri ya lazima tu, ili sharia ya Kiislamu ipate kutumika mbele ya kadhi, kwa Waislamu, katika hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi.

Yatazame maneno hayo vizuri. Mlango uliofunguliwa ni mlango wa kwenda kwa kadhi. Haukufunguliwa mlango wa kwenda mfukoni mwa kaka mkubwa. Tena ibara ya 170 imeweka sharti la pili: kadhi hahukumu ila wenye daawa wote wawe Waislamu na wakubali kuhukumiwa naye. Maana yake, mwanamke huja kwa kadhi kwa ridhaa yake. Na ridhaa haipatikani ila kwa kuaminiwa.

Tuliposimama mbele ya serikali tukasema kwamba dini yetu imemhifadhi mwanamke, tulitoa ahadi. Kila mwanamume anayelificha fungu la dada yake anaivunja ahadi ile kwa niaba yetu sote. Na wale wanaotaka ruhusa hii iondolewe hawahitaji kufungua vitabu vyetu watafute aibu. Huwatazama wajane wetu na mabinti zetu, ikawatosha. Hoja yao kubwa juu yetu ni vitendo vyetu.

FASILI YA NNE: ASILI YA MAFUNGU

Kabla ya Uislamu, Waarabu walimrithisha mwenye kubeba silaha, wakawanyima wanawake na watoto wadogo. Saad bin Rabii, mmoja katika Ansari, alipouawa katika vita vya Uhud mwaka wa 3 wa Hijra, aliacha mke na binti wawili. Ndugu yake Saad akaitwaa mali yote, asiwaachie kitu. Mjane akawachukua binti zake, akaenda nao kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshitakia kwamba ami yao amechukua kila kitu, na binti wasiokuwa na mali hawataolewa. Mtume akamwambia kwamba Mwenyezi Mungu atalihukumu jambo hilo. Ikateremka aya ya mirathi. Mtume akamwita yule ami, akamwamuru awape binti wawili thuluthi mbili, na mama yao thumni, na kitakachosalia kiwe chake. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Jabir.

Sasa tuhesabu, kama tunavyowahesabia wanafunzi wa faraidhi. Asili ya mas-ala ni 24. Binti wawili wana 16, kila mmoja 8. Mama ana 3. Ami ana 5.

Katika hukumu hii mna mafunzo matatu. La kwanza: aliyeshitaki alikuwa mwanamke, wala hakuambiwa kwamba ameitia jamaa aibu. La pili: aliyeshitakiwa alikuwa mwanamume aliyekamata mali yote kwa mila ya kwao, na aya ikateremka kumnyang'anya. La tatu: mwanamume huyo alipata 5, na kila binti akapata 8. Basi mwenye kusema kwamba katika Uislamu mwanamke ni nusu ya mwanamume daima, hakusoma. Baba na mama wa maiti aliyeacha mtoto wa kiume hupata sudusi kila mmoja, sawa kwa sawa. Ndugu wa kwa mama, wakiwa wawili au zaidi, hushirikiana katika thuluthi, wa kiume na wa kike sawa kwa sawa. Wa kiume hupata mara mbili pale anapokutana mwana na binti, au kaka na dada wa kwa baba na mama, au wa kwa baba. Na fungu la mume ni mara mbili ya fungu la mke.

Tupige mfano wa kwetu. Mtu amekufa ameacha mke, mwana mmoja na binti wawili, na shamba lenye minazi 320 iliyo sawa kwa mazao. Mke ana thumni, nayo ni minazi 40. Imesalia 280, na hiyo ni ya watoto: mwana 140, na kila binti 70. Hiyo ndiyo hukumu. Basi huyo mwana asiyeridhika na 140, akaichuma na ile 180 ya mama na dada zake, amefuata dini gani?

Na kabla ya kugawa, jua kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, haki zinazohusu mali ya maiti ni tano kwa taratibu: kwanza haki zilizofungamana na mali yenyewe, kama zaka na kitu kilichowekwa rahani, pili mazishi, tatu madeni, nne wasia usiozidi thuluthi, tano ndipo mirathi. Na mahari ambayo mume hakulipa ni deni katika hayo madeni. Mjane hulipwa mahari yake kwanza, kisha hupewa na thumni yake. Wangapi katika mji wako waliofanyiwa hivyo?

FASILI YA TANO: MILANGO YA DHULUMA

Watu hawasemi waziwazi kwamba hawataki kutoa. Hupita katika milango minne, na kila mlango umepakwa rangi ya adabu.

Mlango wa kwanza ni kusema: Nyumba ya wazee haigawanywi. Jamaa huzika, husoma hitima, arubaini ikapita, mwaka ukapita, na kaka mkubwa anakusanya kodi. Jua kwamba tangu roho ilipomtoka maiti, mali imeingia katika milki ya warithi wote kwa mafungu yao, ijapokuwa haijagawanywa. Anayeitumia yote bila ya idhini yao ni ghasibu, na kwa Imam Shafi'i ghasibu hudaiwa na manufaa aliyoyatumia. Fanya hesabu: nyumba yenye kodi ya shilingi 32,000 kwa mwezi, na warithi ni wale wale wa mfano wetu. Mama ana 4,000, mwana ana 14,000, na kila binti ana 7,000. Ikipita miaka 10, kila binti anamdai ndugu yake shilingi 840,000. Deni hili hatalisamehewa kwa sababu alisali safu ya kwanza.

Mlango wa pili ni musamaha wa kulazimishwa. Dada huitwa mbele ya wazee, machozi ya matanga hayajakauka, akaambiwa: Wewe una mumeo, wasamehe ndugu zako. Akinyamaza, husemwa ameridhia. Wanavyuoni wetu wameeleza kwamba kusamehe kwa njia ya ibra ni kwa deni lililo katika dhima ya mtu, na mwenye kusamehe sharti ajue kadiri ya anachokisamehe, kwani kusamehe kisichojulikana hakusihi. Ama kitu chenyewe, kama nyumba au shamba, hakiondoki kwa neno nimesamehe; chahitaji hiba yenye masharti yake, na ridhaa isiyokuwa na kulazimishwa. Basi mtajie fungu lake kwa hesabu, umkabidhi, umwache nalo. Akikurudishia baada ya hapo kwa moyo wake, lile liwe halali yako. Ukiogopa kwamba akikabidhiwa hatarudisha, basi umekwisha jua kwamba hakuridhia.

Mlango wa tatu ni kuwapa wana wa kiume mali wakati wa uhai, ili isibaki ya kurithiwa. Baba huogopa binti ataolewa na mtu wa mbali, shamba likatoka katika ukoo. Basi huandikisha kila kitu kwa majina ya wanawe wa kiume. Nuuman bin Bashir alipopewa zawadi na baba yake, baba akaenda kumshuhudisha Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akamuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hiyo. Alipojibu sivyo, Mtume hakulikubali jambo lile. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na katika madhehebu yetu, sunna katika zawadi za uhai ni kuwalinganisha watoto, wa kike kama wa kiume, na kuwapambanua bila ya haja ni makruhu. Ajabu iliyoje! Tunaposema kwamba usawa si neno letu, usawa wenyewe umo katika mlango wa hiba ndani ya vitabu vyetu, na huo ndio mlango tunaoupita usiku. Tena mwenye kumpa mrithi katika maradhi ya mauti yake, hukumu yake ni ya wasia: haipiti ila warithi wengine waijuzishe.

Mlango wa nne ni kusema: Sisi wanaume tumepewa mara mbili kwa sababu sisi ndio tunaowalisha. Neno hili lina ukweli, na wengi huligeuza kuwa udanganyifu. Ni kweli mume humlisha mkewe, na kwa Imam Shafi'i nafaka yake imekadiriwa kila siku: mwenye wasaa mudi mbili, wa kati mudi moja na nusu, mwenye dhiki mudi moja, na ya siku zilizopita haianguki, hubaki deni juu ya mume. Lakini hiyo ni hekima ya hukumu, wala si sharti la kutoa fungu. Mafungu yamethibiti kwa nassi. Tena sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Katika madhehebu yetu nafaka ya jamaa ni wajibu baina ya wazazi na watoto, kwenda juu na kwenda chini. Kaka hakuwajibishwa nafaka ya dada yake. Akimlisha ni wema na kuunga kizazi, na asipomlisha kadhi hana njia ya kumlazimisha. Basi dada aliyefiwa na baba, asiye na mume wala mtoto mwenye uwezo, sharia haikumwachia tegemeo la kaka. Imemwachia fungu lake. Ukilitwaa na hilo, umemtoa katika hifadhi ya mwisho aliyowekewa na Mola wake, kisha ukasimama barazani ukasema dini imemhifadhi.

FASILI YA SITA: MASUALA NA MAJAWABU

Suala: Mwanamke wa Kiislamu akisema anataka alingane na ndugu yake kwa kanuni ya serikali, je, hakukufuru?

Jawabu: Usifanye haraka ya kumtoa mtu katika dini. Mwenye kuikana aya naye aijua ni jambo moja, na mwenye njaa anayetafuta mlango ulio wazi ni jambo jingine. Muulize kwanza: Fungu lako la sharia ulipewa? Akisema hakupewa, basi aliyemsukuma mpaka akafika pale ndiye mwenye kustahiki kuulizwa kabla yake. Mpe haki yake, kisha umfundishe. Mafundisho hayaingii kwa mtu uliyeikalia mali yake.

Suala: Dada yangu ameolewa na tajiri, nami nina watoto wengi. Je, si bora nibaki na fungu lake?

Jawabu: Fungu la mirathi si zaka hata likatazamiwa uhitaji. Binti wa tajiri na mke wa tajiri hurithi kama maskini. Ukiwa mhitaji, mwombe akupe baada ya kupewa chake. Na kuomba si aibu kama kunyang'anya.

Suala: Baba alipougua sisi wanaume ndio tuliogharimu. Je, hatuwezi kukata katika fungu la mabinti?

Jawabu: Ulichokitoa kwa wema hakidaiwi, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Ulichokitoa kwa mkopo, ukaweza kukithibitisha, ni deni juu ya maiti, nalo hulipwa katika mali yote kabla ya kugawa, si katika fungu la mabinti peke yao. Ama kulila fungu la mtu kwa kukisia, hilo halina mlango.

Suala: Je, mwanamke kwenda mahakamani kumshitaki ndugu yake si kukata udugu?

Jawabu: Mkata udugu ni yule aliyezuia haki. Waliozichunguza mahakama za kadhi za pwani ya Kenya wameandika kwamba wengi wa wanaoshitaki ni wanawake, na mara nyingi hupata wanachokidai. Hiyo ni sifa kwa makadhi wetu, na ni aibu kwetu sisi tuliowapeleka.

Suala: Basi serikali ikitaka kuyageuza mafungu, tunyamaze?

Jawabu: La. Tutasema, na kuandika, na kwenda mahakamani na bungeni kwa njia zilizo halali, kama walivyofanya waliotutangulia mpaka mwaka 1990. Lakini anayekwenda kusema hayo, na ajihesabu kabla ya kutoka nyumbani. Wakili anayetetea hati aliyoichana mwenyewe hasikilizwi na yeyote.

HATIMA

Ndugu zangu, katika Suratun-Nisaa, baada ya kuyataja mafungu, Mwenyezi Mungu ameyaita kuwa ni mipaka Yake. Katika aya ya 13 amemuahidi pepo mwenye kumtii, na katika aya ya 14 amemkamia moto mwenye kuivuka mipaka hiyo. Mipaka ina pande mbili. Mwenye kutaka kumpa binti zaidi ya alichopewa na Mola wake ameivuka kwa upande mmoja. Na mwenye kumnyima alichopewa ameivuka kwa upande wa pili. Sisi tumeweka walinzi upande ule, na upande huu tumeuacha wazi usiku na mchana, maana wanaopita ni sisi wenyewe.

Basi yakupasa mambo haya, wala usiyaakhirishe. Ikiwa mikononi mwako mna mali ya marehemu isiyogawanywa, nenda kwa kadhi, au kwa mwanachuoni aijuaye faraidhi, ukamtajie warithi wote, wa kike na wa kiume, waliopo na walio safarini, aandike kila mmoja na fungu lake. Ikiwa umekusanya kodi au mazao, andika hesabu yake na uwape wenyewe, au upatane nao wakiwa wanajua kadiri ya haki yao. Ikiwa mkeo hujamlipa mahari, mlipe ukiwa hai, au uliandike kuwa deni mbele ya mashahidi. Ikiwa una watoto, wafundishe binti na mwana mlango wa mirathi pamoja, ili huyu ajue anachodai na yule ajue anachodaiwa. Na siku utakaposikia barazani watu wakililaani neno usawa, waulize kwa upole: Nani katika sisi amekwisha mpa dada yake fungu lake? Nawe uwe wa kwanza kujibu.

Ewe Mola wetu, tusafishie chumo letu, tuwezeshe kuwapa wenye haki haki zao kabla ya siku ambayo hapana dinari wala dirhamu, na uwarehemu wazee wetu waliotuachia mali wakatuamini. Amin. Wallahu aalam.